Siku ya Roboti Lamu: Mwanagenzi Ashike Kazi

Neno "roboti" likitajwa barazani hapa Lamu, wengi hucheka. Hucheka kwa sababu mji huu, kwa fikira zao, ni mji wa milango ya nakshi, punda, majahazi na Maulidi. Na mashine ziendazo zenyewe ni mambo ya Nairobi, Japani au Marekani. Kicheko hicho nimekisikia mara nyingi tangu baadhi ya vijana wetu waliponijia na shauri lao. Wanataka kuandaa siku moja ya roboti hapa mjini: siku ambayo wale wajuao kutunga programu za kompyuta watakaa pamoja na wale ambao hawajapata kushika hata bisibisi, na kila mmoja ajaribu kuunda kitu kinachojiendesha. Hapana mshahara, hapana mtihani. Ni kwa kupenda tu.

Shauri hilo ni jema nami naliunga mkono. Lakini siku kama hiyo yaweza kuandaliwa kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Njia ya kwanza twaijua sote: turubai, viti vya wageni wa heshima, vipaza sauti na hotuba, kisha mtaalamu kutoka mbali afungue sanduku lake, atoe roboti, iende mbele na kurudi nyuma, watu wapige makofi, picha zipigwe, na jioni sanduku lifungwe na kurudi lilikotoka. Njia ya pili haina mapambo. Ndani yake mwanagenzi hushika kazi kwa mkono wake mwenyewe, akosee, arekebishe, na aende nyumbani na kitu alichokiunda. Nasema njia hii ya pili ndiyo inayofaa, na kwamba Lamu, kuliko miji mingi, ina desturi ya kuifuata.

NENO LENYEWE

Yafaa kwanza tuondoe hofu ya jina. Neno roboti halina umri mkubwa. Lilitoka katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iitwayo R.U.R., iliyotolewa mwaka 1920 na kuchezwa mjini Prague mwaka 1921. Aliyependekeza neno hilo ni ndugu yake, Josef, naye alilichukua katika neno la kwao "robota", maana yake kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu wangeiita shokoa. Katika tamthilia hiyo watumwa wa kuundwa kiwandani wanawaasi waliowaunda. Na tangu hapo sinema na vitabu vimekuwa vikitutisha kwa hadithi ile ile.

Hata hivyo, fikira ya kuunda kitu kinachojiendesha ni kongwe kuliko neno, wala haikuzaliwa Ulaya peke yake. Mwaka 1206 fundi mmoja Mwislamu, al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq huko Diyar Bakr, alimaliza kitabu kikubwa cha mitambo ya ajabu. Miongoni mwa mitambo hiyo mlikuwa na mashua ya wapiga muziki wa sanamu. Ndani yake maji yalizungusha gogo lenye vigingi, na kila kigingi kilipogusa wenzo, sanamu ilipiga ngoma yake. Wapo wataalamu wa leo wanaosema kwamba ukivihamisha vigingi hivyo mdundo hubadilika, na kwamba huo ni mfano wa mapema wa kile tunachokiita programu. Basi yule anayedhani kuwa roboti ni bidhaa ya wageni, na akumbuke kwamba miaka mia nane iliyopita fundi aliyesoma kwa herufi zile zile wanazosoma watoto wetu chuoni aliunda mashua inayojipigia muziki.

Na roboti ni nini? Kwa mtu wa Lamu, maelezo ni mepesi. Chombo kikipita mahali penye maji haba, mtu mmoja husimama omo akipima kina kwa bildi na kupaza sauti. Nahodha husikia, hupima kwa akili yake, kisha huamuru. Mshika usukani hugeuza. Roboti ina watu watatu hao hao. Kihisi ndicho mpima bildi: huona mwanga, joto, maji au kizuizi. Bodi yenye programu ndiyo nahodha. Mota ndiyo mshika usukani. Palipo na watatu hao, hata kama kitu chenyewe ni kikopo juu ya magurudumu mawili, hiyo ni roboti.

Chukua mfano upendwao na wanaoanza, yaani kigari kinachofuata mstari. Bandika utepe mweusi juu ya karatasi nyeupe. Chini ya kigari weka macho mawili ya mwanga, moja kila upande wa mstari. Weupe hurudisha mwanga, weusi huumeza. Jicho la kushoto likiona weusi, maana yake kigari kimepotea kuelekea kulia. Hapo programu hupunguza mwendo wa gurudumu la kushoto, na kigari hujirudi. Jicho la kulia likiona weusi, hufanyika kinyume chake. Amri ni mbili tu. Mtoto aliyepata kuona usukani ukigeuzwa atazielewa kabla chai haijapoa.

CHUO CHA MATONDONI

Nimesema Lamu ina desturi ya kuifuata. Nenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Amu, ukaone jinsi vyombo vinavyoundwa. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupiga mbao, na aghalabu hana mchoro wowote mkononi. Mchoro u katika jicho lake. Zana zake ni tezo, msumeno, patasi, randa na keekee. Ufundi huo hakuupata kwa kusikiliza hotuba. Mwanagenzi huanza kwa kuokota vibanzi na kushika ubao usitikisike. Baadaye husokota pamba ya kalafati. Kisha hupewa keekee atoboe tundu moja, na akilitoboa upande huambiwa kwa nini. Fundi yuko karibu, lakini mkono unaofanya kazi ni wa mwanagenzi.

Na wasidhani wasomaji kwamba chuo hiki kimepitwa na wakati. Mwaka 2018 hapa hapa Lamu lilishushwa majini jahazi liitwalo FlipFlopi, lenye urefu wa mita tisa, lililoundwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa na kuvalishwa maelfu ya vipande vya kandambili zilizotupwa. Aliyeongoza uundaji wake ni fundi wetu Ali Skanda. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita zipatazo mia tano. Hakukuwako kitabu cha kumfundisha mtu namna ya kuunda taruma kwa plastiki. Mafundi waliichukua plastiki, wakaikata, wakaichonga na kuiunga wakitumia maarifa waliyoyapata katika mbao, na palipokataa walijaribu tena. Hiyo ndiyo roho ya siku ninayoitetea. Mtu mwenye ufundi wa zamani haogopi kitu kipya. Hukigeuza geuza mkononi mpaka kimtii.

NANI AMFUNDISHE NANI

Wanaopanga siku hii wamegawa watu makundi mawili: watunga programu na wanaoanza. Mgawanyo huo una faida yake, lakini ukifuatwa mno utaharibu kazi. Mtunga programu hodari yaweza kuwa hajapata kulehemu waya hata mmoja. Fundi wa redio, fundi wa simu au fundi wa mashine za boti yaweza kuwa hajapata kuandika mstari mmoja wa programu, ilhali mikono yake yajua saketi kuliko vitabu. Hao wote wakae meza moja. Kila mtu atakuwa mjuzi wa jambo moja na mwanagenzi wa jingine, na majivuno yatapungua yenyewe.

Tena kuna somo ambalo kompyuta peke yake haliwezi kulitoa. Juu ya kioo, programu ikiwa sahihi, basi ni sahihi. Juu ya meza, programu ile ile iliyo sahihi hupeleka kigari mrama kwa sababu gurudumu moja ni zito, au betri imechoka, au punje ya mchanga imeingia kwenye meno ya gia. Hapo mtunga programu hujifunza adabu ya vitu, na huyo kijana wa gereji aliyekaa kimya tangu asubuhi ndiye anayemwonyesha tatizo.

Kwa maoni yangu kila meza iwe na mjuzi mmoja na wanagenzi watatu au wanne, wala wasizidi, na sharti liwe moja: mjuzi aweke mikono yake nyuma. Aseme, aonyeshe kwa kidole, aulize "Je, unadhani kwa nini?", lakini bisibisi asiiguse. Sharti hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mjuzi akiona mtoto anahangaika na waya, mkono wake humwasha; huunyakua waya, huufunga kwa nukta tatu, na papo hapo yule mtoto hugeuka mtazamaji. Kazi imekwisha, lakini hakuna aliyejifunza.

Saa ya kwanza isiwe na kompyuta kabisa. Kila mwanagenzi apewe betri mbili, waya, swichi na mota ndogo, aizungushe kwanza. Ningependa zoezi la pili liwe king'ora cha ngama. Wavuvi wetu wajua adha ya mashua inayovuja usiku ikiwa nangani: maji hujaa ngamani kidogo kidogo, na asubuhi chombo kimelala upande. Sasa, maji ya bahari hupitisha umeme. Weka ncha mbili za waya ngamani zisigusane. Maji yakizifikia, umeme hupita, na kengele hulia. Ongeza bodi na pampu ndogo, uiamuru pampu ianze maji yakifika kiasi fulani na ikome yakipungua. Basi umeunda roboti: imehisi, imeamua, imetenda. Na mvuvi mzee aliyepita kutazama tu atavuta kiti akae, maana hilo ni jambo lake.

GHARAMA

Nitaulizwa: fedha zitatoka wapi? Swali hilo ni la haki, lakini lisitumiwe kuua shauri kabla halijazaliwa. Mwaka 2012 Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha mtandao wa roboti wa Afrika uitwao AFRON. Mwaka huo huo waliwaalika watu wa dunia nzima wabuni roboti ya kufundishia ambayo bei yake ingekaribia dola kumi tu. Mmoja wa washindi alikuwa Tom Tilley, mkazi wa Thailand. Alichukua kishikio cha mchezo wa video, akatumia mota mbili ndogo zilizomo ndani yake ziwe za kuendeshea magurudumu, na peremende mbili za kijiti akazifanya uzani wa kuiwezesha roboti kujua kwamba imegonga kitu. Gharama yake yote ilikuwa dola 8.96. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki akitumia sehemu nyingi alizozipata katika takataka za kompyuta na vyombo vingine vya umeme.

Bodi zenyewe zimekuwa rahisi kwa sababu ya uamuzi wa watu fulani. Arduino, bodi ijulikanayo zaidi kwa wapenzi wa kazi hii, ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, katika chuo cha usanifu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa wahandisi. Walioiunda waliacha michoro yake wazi kwa kila mtu, na ndiyo sababu viwanda vingi vimeweza kutengeneza bodi za namna hiyo na kuziuza kwa bei nafuu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012, iliuzwa kwa dola 35. Na mota ziko majumbani mwetu: katika redio za kaseti zilizokufa, mashine za DVD zilizokwama, printa zilizotupwa na vigari vya watoto vilivyovunjika. Magurudumu ya kandambili watoto wetu wamekuwa wakiyakata tangu zamani kwa magari yao ya waya. Basi, kabla ya kumwandikia mfadhili barua, kamati na ipite mitaani na gunia ikiomba vitu vibovu.

Vichache lazima vinunuliwe: bodi, vihisi, waya, risasi ya kulehemu na betri mpya. Betri kuukuu za simu zisitumiwe na wanaoanza, kwani zikitobolewa au kuunganishwa vibaya huweza kushika moto. Kadhalika, hewa yetu ya chumvi hula shaba. Siku ikiisha, vyombo vipanguswe na kufungiwa ndani ya makopo yenye vifuniko vinavyobana, la sivyo mwaka ujao kamati itafungua sanduku la kutu.

SIKU NA MAHALI

Mahali si shida. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa kiasi cha mwaka 1821, ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Siku hizi ni mahali pa makumbusho na mikutano, na mbele yake ni uwanja wa Mkunguni ambapo watu hupita na kupumzika. Meza za kulehemu ziwekwe ndani, mbali na upepo, na vigari vikimbizwe penye watu. Ninaona jambo la kupendeza katika kuwaleta watoto waje kuunda vitu kwa hiari yao ndani ya kuta zilizowahi kuwafungia watu.

Tarehe ndiyo itakayoonyesha kama wanaopanga wanaijua nchi yao. Wilaya ya zamani ya Lamu, ambayo leo ni kaunti, si mji wa Lamu peke yake. Kuna Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Tchundwa, Ndau na Kiwayu. Mtoto wa Siyu ni mtoto wa mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili wa misahafu. Yeye naye ana haki ya kiti. Lakini chombo kitokacho huko hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hausubiri ratiba ya mtu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, chombo chaweza kukwama, na wageni wafike wakati meza zinakunjwa. Maji huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku. Kwa hiyo wanaopanga waitazame kalenda ya maji kabla ya kalenda ya ukutani, wachague siku ambayo wa visiwani wataweza kuja na kurudi, au waandae malazi. Waepuke miezi ya kusi kali, waepuke Ramadhani na siku za Maulidi, na wasichague Ijumaa. Saa za chuo ziheshimiwe, ili mzazi asilazimike kuchagua kati ya mambo mawili yote mema.

Na mabanati waje. Sisemi wakae nyuma wakitazama kaka zao. Wawe na meza zao wakipenda, wawe na wajuzi wanawake, na wazazi waalikwe waone kila kitu kwa macho yao. Mkono uliozoea kudarizi una subira na shabaha ambayo kazi ya kulehemu huihitaji sana.

LUGHA

Ukurasa huu ni wa utamaduni, kwa hiyo sitaacha kusema juu ya lugha. Nimewasikia wengine wakidai kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Hiyo si kweli. Yasiyosemeka ni yale ambayo mtu hajayaelewa. Angalia kibweta cha fundi yeyote wa pwani. Msumari tuliupata kwa Waarabu. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Na bandari, ambamo vyombo vya mafundi hao hutia nanga, tuliipata kwa Waajemi. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Mafundi walikipokea kitu pamoja na jina lake, wakalikata jina hilo kulingana na ulimi wao, wakaendelea na kazi. Leo jina hilo ni letu na hakuna anayelionea haya.

Vivyo hivyo hapa. Kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, wabishi na wabishane nje. Ndani ya ngome tuseme lile linaloeleweka mezani. Kihisi, waya, kulehemu, mota, programu, amri, mzunguko: maneno hayo yatosha kuanzia. Hata Scratch, ile njia ya kutunga programu kwa kupanga vipande vya rangi iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sharti langu ni kwamba mjuzi atakayeshindwa kueleza jambo kwa lugha ya mwanagenzi akae kwanza alielewe vizuri zaidi. Anayejifunza jambo jipya kwa lugha asiyoimudu hubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

HATARI ILIYOPO

Wazee kadhaa wameniuliza, na swali lao si la kubezwa: je, mashine hizi si ndizo zitakazowanyang'anya kazi hamali na wavuvi? Nawajibu kwa heshima kwamba mashine zimekwisha kufika, bila kutuuliza. Mnamo Machi 2012 mradi mkubwa wa LAPSSET ulizinduliwa hapa Lamu mbele ya viongozi wa Kenya, Uhabeshi na Sudani ya Kusini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ilifunguliwa. Bandari ya siku hizi si ya makuli mia kwenye ngazi; ni ya winchi kubwa, vihisi na kompyuta. Atakayezijua mashine hizo atakuwa na kazi na atakuwa na sauti. Asiyezijua atakuwa na malipo ya fidia, nayo fidia haizai.

Sisemi kwamba kigari cha kufuata mstari kitampa mtu kazi bandarini. Huo ungekuwa uwongo, na vijana wetu wamekwisha ahadiwa mengi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, ila kina uzito. Mtu aliyewahi kuifungua mashine, akaiona imekufa, kisha akaifufua kwa mkono wake, haitazami tena mashine nyingine kwa macho yale yale. Hujua kwamba imeundwa na mtu, na kwamba lililoundwa na mtu laweza kuulizwa maswali, kurekebishwa, hata kukataliwa. Huyo ataingia katika mkutano wa bandari, au wa mradi mwingine wowote utakaoletwa, akiuliza maswali ya fundi. Yule aliyefundishwa kupiga makofi tu atapiga makofi huko pia. Ndiyo maana nimeshikilia kwamba namna ya kuandaa siku hii si jambo dogo la ratiba.

Kuna na wale wasemao kwamba ni mchezo tu, na mchezo hauleti ugali. Kweli ni mchezo. Lakini watoto wetu hawakuambiwa na mtu waunde vidau vya kuchezea, wavitie tanga na kuvishindanisha pwani. Na katika mchezo huo walijifunza upepo kabla hawajapanda chombo. Hapana nahodha aliyeanzia unahodhani.

BAADA YA MAKOFI

Mwisho, naiomba kamati ijipime kwa kipimo kimoja. Isihesabu waliohudhuria, wala wageni waliotoka mbali, wala picha zilizotoka magazetini. Ihesabu wangapi, mwezi mmoja baadaye, bado wanaunda kitu. Kwa hiyo fedha ambazo zingenunua vikombe na fulana zinunue sanduku la vyombo, nalo libaki Lamu chini ya mtu mwaminifu, na jingine lipelekwe Faza au Siyu. Pawe na baraza ya jioni moja kila juma, mahali pasipolipiwa, ambapo aliyekwama ataleta kikopo chake na kuuliza. Mombasa wanayo Swahilipot, karibu na Mji wa Kale, mahali ambapo tangu mwaka 2016 vijana wa sanaa na wa kompyuta wamekuwa wakikutana. Wajuzi wa huko waalikwe, lakini waje kama mafundi wanaokaa mezani, na kabla ya kuondoka kila mmoja awe amemwachia ujuzi wake mtu mmoja wa hapa, kwa jina.

Wageni wa heshima nao nisiwasahau, maana bila wao sherehe zetu hazionekani kukamilika. Waje, nao wapewe betri mbili, waya na mota, waketi kando ya mtoto wa darasa la tano, na atakayeizungusha ndiye afungue siku.